Listi ya vyuo vya Salma

Mama Salma: Jamani za jioni, majibu ya SAT, ule mtihani wa kuombea vyuo vya Marekani, yametoka, Salma kapata 1280 kati ya 1600. Sasa kaniletea listi ya vyuo vya Marekani vyote majina makubwa makubwa, sijui tuanzie wapi

Anko Hamisi: Hongera sana mjomba!! 👏🏾👏🏾

Shangazi Rehema: Hongera mwanangu. Wifi jina liache kwanza. Vyuo vingi vinatoa ripoti kila mwaka inaitwa Common Data Set, fungua sehemu C utaona alama za waliojiunga, robo ya chini na robo ya juu. Tuseme wameandika 1170 hadi 1340, basi nusu ya waliotuma alama wapo humo na Salma yumo. Wakiandika 1500 hadi 1570 hicho ni cha kubahatisha, aweke kimoja tu

Anko Hamisi: Si nasikia mitihani wameshaifuta?

Shangazi Rehema: Sio wote shem. University of California hawaiangalii kabisa hata ukiituma, chuo cha MIT waliisimamisha kipindi cha korona wakairudisha 2022. Kwingine ni hiari, hapo atume kama alama yake inalingana na zao, ikiwa chini asitume

Salma: Shikamooni. Mi alama haziniogopeshi sana, naogopa yale madarasa ya watu mia tatu. Nikikaa kusikiliza tu lisaa lizima natoka kapa, mi naelewa nikibishana na mtu au nikishika kitu kwa mikono

Shangazi Rehema: Marahaba, tena hilo ndo kubwa kuliko alama! Kwenye ripoti hiyohiyo sehemu I wanaonyesha madarasa mangapi yana watu chini ya 20 na mangapi yamefika 100 au zaidi, usidanganyike na ile hesabu ya mwalimu mmoja kwa wanafunzi kadhaa maana haikwambii darasani mtakuwa wangapi. Halafu soma kuhusu chuo cha St. John's cha Annapolis na Santa Fe, kule mnazunguka meza mnajadili kitabu. Colorado College wanasoma somo moja tu wiki tatu na nusu ndo wanahamia lingine, ila kuingia kugumu. Chuo cha Drexel unasoma halafu unaenda kazini miezi sita, hiyo naona inakufaa kabisa

Mama Salma: Na ada wifi?

Shangazi Rehema: Tovuti ya chuo ina kikokotoo cha kukadiria mtalipa kiasi gani baada ya msaada, jazeni kipato chenu kabla hajaomba, msiishie kwenye bei iliyoandikwa

Salma: Nimeanza na Drexel, naangalia sehemu I sasa hivi