Mrejesho: Nimonia ya mzee wangu, Uyole

Habari zenu ndugu. Wiki tatu zilizopita niliuliza: mzee wangu ana nimonia, yuko siku ya pili ya sindano, mbona homa haishuki na makohozi ni ya kijani? Wengine mkasema dawa imegoma, nibadilishe. Sikubadilisha, nikamuuliza daktari wake.

Akanieleza kwamba bakteria wakiingia kwenye vifuko vya hewa vya mapafu, seli za ulinzi zilizomo humo zinapiga yowe. Mishipa midogo ya damu inatanuka na kuvuja, majimaji yanaingia, na seli nyeupe ziitwazo neutrofili zinamiminika kuwala hao bakteria. Sasa vifuko vikishajaa majimaji na askari, hewa ipite wapi? Ndiyo maana mzee alikuwa akihema kama kapanda mlima Loleza wa hapa Mbeya mbio. Na ule ukijani, mimi nikidhani ni kuoza, unatoka kwenye kimeng'enya cha neutrofili zenyewe! Antibayotiki inaua bakteria, ila huo uvimbe wa ndani ya mapafu unatulia kwa muda wake. Homa inaweza kuchukua siku mbili tatu kushuka.

Siku ya nne alfajiri nikamkuta kakaa kitandani, shuka limelowa jasho, anadai uji wa ulezi. Kipimo cha kidoleni cha oksijeni ya damu kilichokuwa asilimia 88 kikasoma 94.

Dozi kamaliza. Kikohozi kipo kidogo, hasa baridi ikikaza. Eksirei tutarudia wiki ya sita, maana picha huchelewa kusafika hata mgonjwa akishapata nafuu. Aliyenishauri prednisolone (dawa ya steroidi ya kutuliza uvimbe) za dukani, daktari alikataa katakata.