Tawi letu Tabora linataka kuwaandikia wafanyakazi wa reli wa Myanmar. Inasaidia, au tunapoteza muda?

Taruma_Tabora

Wakuu habari za jioni. Mimi ni katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi hapa Tabora. Kazi yangu ni ya gengi, mataruma na kokoto, kwa hiyo nikikosea lugha ya kisheria mnivumilie.

Jumamosi tulikaa kikao chini ya mwembe nyuma ya kota. Mwenyekiti akatoa simu akatusomea habari za Myanmar: jeshi lilipindua serikali Februari 1, 2021, wafanyakazi wa reli wakagoma pamoja na watumishi wengine, na kabla mwezi haujaisha watawala wakatangaza vyama na mashirika 16 ya wafanyakazi kuwa haramu. Machi 10 askari wakazingira kota za reli za Ma Hlwa Kone, Yangon, wakawatoa waliogoma na familia zao.

Mpaka hapo watu walikuwa wanachezea simu. Neno kota ndilo lililowainua vichwa. Mama mmoja jirani yangu, mumewe ni pointiman, yule anayebadilisha njia za treni, akauliza, "Waliachiwa muda wa kutoa vyombo?" Hakuna aliyekuwa na jibu. Akajifunga khanga vizuri, akasema, "Basi iandikwe."

Akasimama jamaa wa gengi letu, mtu wa maneno machache. Akasema mvua zilipokata njia tulilala porini siku nne tunajaza mawe, nani alituandikia? Watu wakapiga makofi. Nami nilipiga, sifichi.

Halafu mwenyekiti akapendekeza kila mtu atoe 2,000 "ya kufanikisha barua". Kikao kikavunjika kwa kelele.

Naomba kujuzwa. Barua ya watu 40 wa Tabora inamfikia nani? Na kisheria hatutajitafutia balaa?

Mgebuka_wa_Ujiji

40 mara 2,000 ni 80,000. Bando la kutuma barua pepe ni 1,000. Hiyo 79,000 inaenda Yangon kwa treni ya saa ngapi mkuu? 😂

Wakili_Bila_Joho (Kigoma)

Katibu, kuandika barua si kugoma. Kitu chenye masharti ni mgomo wa kuwaunga mkono wafanyakazi wengine. Huo umo kwenye Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004: unatoa taarifa ya siku 14, na lazima mwajiri wako awe na uhusiano na mwajiri mwenye mgogoro. Nyie na Yangon hampo huko kabisa. Barua ni maoni ya chama, na Tanzania imeridhia Mkataba namba 87 wa ILO, Shirika la Kazi Duniani, ule wa uhuru wa kujumuika, tangu mwaka 2000. Myanmar wao waliuridhia 1955, miaka 45 kabla yetu, mkaona wenyewe kuridhia peke yake kunamlinda nani.

Mahali mnapokosea ni anwani. Nina hakika mwenyekiti anataka kuwaandikia majenerali. Hawatasoma. Juni 2025 mkutano wa ILO kule Geneva uliitumia Ibara ya 33 ya katiba yake, ya kuchukua hatua nchi inapokaidi mapendekezo, dhidi ya Myanmar. Shirika lipo tangu 1919 na ibara hiyo imetumika mara tatu tu: Myanmar mwaka 2000, Belarus 2023, na hii. Azimio linazitaka serikali, waajiri na vyama vya wafanyakazi wa nchi wanachama wapitie upya uhusiano wao na watawala wale, ili usitumike kuendeleza ukandamizaji. Sisi ni wanachama. Kwa hiyo waandikieni wa kwetu, Wizara inayohusika na kazi: azimio lilipita, mmefanya nini? Nakala ipitie chama chenu taifa iende ITF, shirikisho la kimataifa la vyama vya uchukuzi, makao yake London. Wao ndio wanaojua nani yuko ndani na nani katoka.

Ukurasa mmoja unatosha. Msiweke mashairi.

Taruma_Tabora

Nashukuru mkuu. Kweli mwenyekiti alishaanza na "Kwa Mheshimiwa Jenerali".

Mzee_wa_Winchi

Katibu mwanangu, mimi nimestaafu, niko Kigoma mwisho wa reli, lakini nimezaliwa hukohuko Tabora.

Aprili 2008 nilikuwa mpakuzi hapa bandarini, saruji ya Burundi. Mchana tunakunywa uji, redio ikasema meli ya Kichina, An Yue Jiang, imefika Durban na silaha za Zimbabwe, wiki chache baada ya uchaguzi wao wa Machi 29. Wapakuzi wa SATAWU, chama cha wafanyakazi wa uchukuzi cha Afrika Kusini, wakasema mzigo ule hatuugusi. Maaskofu nao wakakimbilia mahakamani, amri ikatoka mzigo usipite, meli ikang'oa nanga. Tulikuwa watu kumi na mbili pale, vumbi la saruji mpaka kwenye kope, na hakuna aliyeongea. Kila mmoja alikuwa anaangalia mikono yake. Mimi sikuwahi kufikiri kwamba kuli anaweza kusema hapana kwa niaba ya mtu wa nchi nyingine.

Sasa huyo jamaa yako wa gengi usimbeze, swali lake lina ukweli. Baba yangu alikuwa karakana ya Tabora kwenye mgomo wa reli wa 1960, ule wa TRAU, chama cha wafanyakazi wa reli cha Kasanga Tumbo, siku 82. Mama alituchemshia michembe asubuhi na jioni mpaka leo nikiiona nageuza uso. Uhuru ukaja, na 1962 ikaja sheria iliyofanya mgomo halali uwe kama kutafuta maji kiangazi. Baada ya maasi ya jeshi ya Januari 1964 shirikisho la vyama vya wafanyakazi, TFL, likafutwa, kikaundwa chama kimoja kwa wote, NUTA, na viongozi wa vyama kadhaa wakawekwa kizuizini. Tumbo naye. Nilipokuwa mkubwa nilimuuliza baba, nani aliwaandikia? Akasema, "Kama kuna aliyeandika, haikufika karakana."

Fanyeni barua ifike.

Taruma_Tabora

Mrejesho wakuu. Imeandikwa, ukurasa mmoja, kwenda Wizarani, nakala chama taifa na ITF. Pedi ya muhuri ilikuwa imekauka, tukaidondoshea maji, jina la tawi limetoka nusu. Mchango umeshuka ukawa 200. Jamaa wa gengi kasaini wa tano. Yule mama hana kadi ya chama, hakuruhusiwa kusaini, ila kanituma niongeze swali lake mwishoni. Nimeliongeza.

Mgebuka_wa_Ujiji

200 mara 40 ni 8,000. Bado naulizia 7,000.