Naomba ushauri: kilimi cha filimbi ya kuitia kanga
Wakuu habari zenu, wakubwa shikamooni. Niko Liwale, nawinda kanga kwa leseni. Filimbi yangu ya mti inaanza vizuri, ila nikipuliza mfululizo mate yanajaa, kilimi cha plastiki (kile kipande chembamba ndani kinachotetemeka na kutoa sauti) kinagandia chini na sauti inakatika. Nimekichomoa, nikakiosha kwa maji ya vuguvugu na sabuni, nikakianika kivulini. Kinatulia kidogo, kisha yaleyale. Nikikiangalia kwenye mwanga, ncha imejikunja na ina ufa mwembamba kama unywele. Kipande cha kizibo kinachokibana nacho kimelika. Sitaki kuitupa kwa kweli, kanga wanaiitikia sana.

Kilimi kipya nikate kwenye plastiki gani, maana ya chupa ya maji naona laini mno? Na badala ya kizibo niweke nini kisichovimba kwa mate?