Land Cruiser yenye 1HZ: nifunge tabo au niingize 1HD?

KambiPori
Wakuu habari za jioni. Nina Land Cruiser yenye injini ya dizeli ya 1HZ, isiyo na tabo, gari ya kwenda porini na familia. Kwenye vilima imekuwa nzito mno. Nimetenga hela na fundi anasubiri jibu: nifunge tabo (kifaa cha kusukumia hewa ndani ya injini) kwenye injini hii hii, au nitafute 1HD ya mtumba, injini ya Toyota inayotoka kiwandani na tabo? Waliofanya naomba ushauri.

DizeliTupu
Mkuu, umeandika nusu. Ni Cruiser toleo la 105 au 78? Imetembea kilomita ngapi? Matairi saizi gani? Juu umebeba nini? Unaishi Dar au Arusha? Bila hayo kila mtu atakutajia anachokipenda yeye.

Kaskazini4x4
Funga tabo. 1HZ ina cc 4,164 lakini torki (nguvu ya kuzungusha) ni Nm 285 tu, kwa sababu inavuta hewa yenyewe bila msaada. Ukipanda mita 1,000 unapoteza karibu asilimia 10 ya nguvu. Ukingo wa Ngorongoro uko juu ya mita 2,200, sasa piga hesabu mwenyewe. Tabo inakurudishia hewa hiyo.

MamaSafari
Kaka, usikimbilie. Ya kwetu ilifungwa tabo kwenye gereji moja ya mjini, ikatoka inakimbia kweli, tukafurahi. Kumbe walifungulia pampu dizeli iingie nyingi, basi. Geji ya joto la ekzosi hawakuweka, intakula (kipoza hewa ya tabo) hawakuweka. Tukaenda Iringa na watoto na mizigo, Kitonga tukaupanda gia ya tatu, mguu chini. Geji ya maji imetulia katikati muda wote, hakuna dalili yoyote. Kufika juu, moshi mweupe, silinda moja imekufa, maji yanatapika. Tukavutwa mpaka mjini. Hedi kufunguliwa, imepasuka kati ya valvu na pistoni moja imeyeyuka ukingoni. Hedi, pistoni na lori la kurudisha gari vilizidi bei ya tabo yenyewe, na gereji ikasema tuliendesha vibaya! Injini hii dizeli inaanza kuwaka kwenye chemba ndogo ndani ya hedi, kompresheni, yaani kubanwa kwa hewa, ni zaidi ya 22 kwa 1. Toyota hawakuitengeneza kwa tabo.

DizeliTupu
Pole sana dada. Ila hapo kilichoua injini ni pampu. Dizeli ikizidi hewa, joto linapanda, na geji ya maji haikuonyeshi hilo mapema. Weka presha ya tabo psi 7 au 8, pampu ipimwe kwenye benchi, geji ya joto ikae mbele ya macho ya dereva. Mlimani mimi sivuki nyuzi 650. Ikifika hapo nashusha gia na kupunguza mguu. Kwa utaratibu huo 1HZ inadumu.

Chalbi_KE
Huku Kenya wengi wanaenda 1HD moja kwa moja. Toleo la 1HD-FTE linatoa Nm 430 kutoka kiwandani. Ama tafuta Nissan Patrol yenye injini ya TD42, taimingi yake (mpangilio wa valvu na pistoni) inaendeshwa na gia, hakuna mkanda kama wa Toyota wa kukatikia porini.

Kaskazini4x4
Patrol imeingiaje hapa? Mwenzako ana Cruiser tayari. Na FTE inakuja na kompyuta na nyaya zake, ikizima Natron nani ataisoma? Mkanda ukibadilishwa kwa wakati haukatiki.

Chalbi_KE
Basi achukue 1HD-FT, hiyo pampu yake ni ya kawaida, haina kompyuta. Spea za TD42 huku zinapatikana, usiseme vibaya gari hujaendesha.

MamaSafari
Atakayechukua 1HD-T ya zamani akague beringi za konrodi kabla ya kuifunga, ndio udhaifu wake. Na namba ya injini iko kwenye kadi ya gari, mabadiliko yapelekwe TRA.

KambiPori
Samahanini wakuu, nilikuwa safarini. Ni HZJ78, kilomita 380,000, niko Arusha. Juu kuna hema la paa na maji lita 80. Matairi niliweka inchi 35 mwaka jana.

DizeliTupu
Inchi 35! Ungeanza na hilo. 7.50R16 ya kiwandani ni kama inchi 32, kwa hiyo difu (gia za ekseli) ya 4.1 sasa inafanya kazi kama 3.7, yaani kama umepanda gia kubwa zaidi. Uzito wa gari lako umeanzia hapo. Badilisha meno ya difu au rudisha matairi, kisha pima kompresheni silinda zote sita. Injini ya kilomita hizo huifungii tabo bila kujua hali yake.

Kaskazini4x4
Apime sawa, lakini Arusha tabo bado anaihitaji. Difu haiongezi hewa.

KambiPori
Matairi siwezi kuyatoa, yananisaidia sana kwenye matope. Kompresheni nitapima Ijumaa.

MamaSafari
Lete namba hapa kabla hujatoa hela yoyote.

Chalbi_KE
Hizo 35 kwenye mawe ya Engaruka unashusha upepo hadi ngapi? Mimi zangu zilipasuka ubavuni.