Kukuza maandishi kwenye kivinjari kwa mwenye uoni hafifu bila mstari kutoka nje ya skrini

Mwalimu wa Historia

Habari za wakati huu, ndugu zangu. Ninafundisha pamoja na mwenzangu mwenye ualbino, ambaye huandaa masomo yake kwa kompyuta mpakato yenye Windows. Miwani aliyopimiwa humsaidia kwa kiasi, lakini maandishi ya tovuti nyingi bado ni madogo mno kwake, naye hulazimika kuinamia skrini hadi uso unakaribia kuigusa. Tumejaribu programu ya kukuza skrini iliyomo ndani ya Windows, ile inayofunguka kwa kubonyeza kitufe cha Windows pamoja na alama ya kujumlisha. Inakuza vizuri, ila kila mstari unatoka nje ya skrini upande wa kulia, na msomaji anapaswa kwenda na kurudi mstari baada ya mstari hadi maana ya sentensi inampotea. Weupe wa kurasa nao humwumiza macho. Je, kuna njia ya kuyakuza maandishi ndani ya kivinjari chenyewe, mistari ikajikunja ndani ya skrini na mwanga ukapungua, bila kurudia marekebisho hayo kwa kila tovuti?

Fundi Tovuti

Mwalimu, njia ipo. Programu mliyoitumia hukuza taswira nzima ya skrini, na ndiyo maana mistari inakatika. Kivinjari chenyewe kina uwezo wa kuyapanga maandishi upya kila yanapokuzwa. Bonyezeni Ctrl pamoja na alama ya kujumlisha mara kadhaa, na mkitaka kurudi mlikotoka, Ctrl pamoja na sifuri. Chrome na Firefox hukuza hadi asilimia 500. Kwa kuwa kiwango hicho hukumbukwa kwa tovuti moja moja, ni vyema kukiweka kwenye mipangilio ya kivinjari kiwe cha kurasa zote, mkaanza na asilimia 150 na kupanda kidogo kidogo.

Tovuti iliyoundwa kwa uangalifu, ikifunguliwa kwenye skrini yenye upana wa pikseli 1280 na kukuzwa kwa asilimia 400, hujiona kama iko kwenye nafasi ya pikseli 320, hivyo hujipanga katika safu moja kama inavyofanya kwenye simu. Hicho ndicho kipimo kilichowekwa na WCAG 2.1, mwongozo wa ufikivu, yaani wa kuwawezesha watu wenye ulemavu kutumia tovuti, uliotolewa na W3C, shirika linaloweka viwango vya wavuti, mwaka 2018, na inasikitisha kwamba tovuti nyingi tunazozihitaji kila siku bado hazijakifikia. Kwa tovuti za aina hiyo tumieni Firefox, ambayo katika mipangilio ya ukuzaji ina kisanduku cha kuchagua kukuza maandishi peke yake: herufi zinakua, picha zinabaki zilivyo. Mahali ambapo mbunifu amefunga kimo cha visanduku vyake, maneno yanaweza kupandana, na hapo itabidi kuliondoa chaguo hilo.

Mpangilio ninaouthamini kuliko yote ni ule wa ukubwa wa chini kabisa wa herufi, kwa sababu hunasa yale maandishi madogo ya chini ya picha, tanbihi na tarehe. Katika Chrome umo kwenye sehemu ya mwonekano, mahali pa kurekebisha fonti, yaani aina ya herufi, na unafika pikseli 24. Msiutegemee mpangilio wa jumla wa ukubwa wa fonti peke yake. Mbunifu akiwa ameandika vipimo vyake kwa pikseli, kivinjari hufuata vipimo vya mbunifu na kuliacha chaguo lako.

Msomaji wa Tanga

Naongeza kama mtu mwenye ualbino. Kwetu sisi ukubwa wa herufi ni sehemu tu ya jambo. Kitovu cha retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, hakikukua kikamilifu, macho huchezacheza, na mwanga mkali hutuchosha mapema, kwa hiyo hata miwani bora haimalizi kila kitu. Mwambie mwenzako afungue makala katika mwonekano wa msomaji wa Firefox, kwa kubonyeza F9 kwenye Windows. Matangazo na menyu huondoka, kisha anaweza kuchagua mandhari nyeusi au ya rangi ya maziwa, kupanua nafasi kati ya mistari na kupunguza upana wa safu. Si kila ukurasa unakubali mwonekano huo, kwani umekusudiwa makala.

Maandishi meupe juu ya weusi mtupu huwafaa wengi wetu, ingawa wapo wanaoona herufi zikisambaa, hasa wenye astigmatizimu, yaani kasoro ya umbo la jicho inayofanya taswira iwe na ukungu. Hao wajaribu kijivu cheupe juu ya kijivu kizito. Wasipunguze sana, kwa maana WCAG inataka tofauti ya mng'ao kati ya maandishi ya kawaida na mandhari yake isiwe chini ya 4.5 kwa 1.

Kuhusu fonti, napendekeza Atkinson Hyperlegible, iliyotolewa bure mwaka 2019 na Braille Institute ya Marekani. Ndani yake 1, I na l havifanani, wala 0 na O, na B haichanganyiki na 8, jambo lenye uzito kwa mtu anayesoma miaka na tarehe siku nzima. Ukishaisakinisha, ichague katika Firefox na uzizuie kurasa kutumia fonti zake. Baadhi ya tovuti zitaonyesha visanduku vitupu penye alama za vitufe, lakini makala yenyewe yatasomeka.

Mwalimu wa Historia

Nawashukuru sana. Tumeweka asilimia 175 pamoja na ukubwa wa chini wa 20, na mistari sasa inajikunja. Je, kwenye simu ya Android, ambako kurasa nyingine zinakataa kabisa kutanuliwa kwa vidole?

Fundi Tovuti

Fungueni mipangilio ya Chrome, kisha sehemu ya ufikivu. Pana chaguo la kulazimisha ukuzaji hata pale tovuti inapoukataa. Na macho yakichoka, kivinjari cha Edge kwenye kompyuta kina kipengele cha kusoma kwa sauti chenye sauti za Kiswahili cha Tanzania na cha Kenya, ambazo huhitaji intaneti.