Mrejesho: "falda" ni sketi au mlima?

Wakuu, habari zenu, na wakubwa shikamooni. Mimi ni yule muongoza watalii wa Tukuyu niliyeuliza kwa nini maelezo ya Kihispania ya safari ya Mlima Rungwe yanasema "las faldas del volcán", wakati mimi falda naijua ni sketi. Volkano na sketi wapi na wapi?

Asanteni sana. Aliyenielekeza kwenye kamusi ya Real Academia Española, taasisi ya lugha ya Kihispania, inayosomwa bure mtandaoni, Mungu ambariki. Kumbe falda ni sketi, ni mapaja ya mtu aliyeketi akapakata mtoto, ni nyama ya tumboni mwa ng'ombe, na ni sehemu ya chini ya mlima. Yaani Tukuyu nzima tunaishi kwenye falda!

Ushauri wa kuandika neno ndani ya sentensi ndio ulioniokoa. Daftari langu sasa lina "la falda del cerro", sehemu ya chini ya kilima, upande mmoja na "falda de lana", sketi ya sufu, upande wa pili. Kwa baridi ya huku mwezi Juni, hiyo ya sufu haihitaji maelezo.

Kadi za picha za kujifunzia maneno hazikunisaidia, maana picha ni ya sketi tu. Halafu juzi mgeni wa Argentina kaita sketi "pollera", nikabaki namkodolea macho mpaka mwenzake akaonyesha kwa kidole. Hilo la kila nchi na neno lake bado linanisumbua. Mwenye mbinu anishushie hapa.