Mrejesho: Pixel 8 au Galaxy S23, hatimaye nimechagua

Wakuu, nimerudi kama nilivyoahidi. Niliwauliza nichukue simu ipi kati ya Pixel 8 ya Google na Galaxy S23 ya Samsung, zote za mwaka 2023, na nikasema wazi kwamba simu nataka nikae nayo miaka mingi. Asanteni sana kwa kunijibu kwa moyo.

Nimechukua Pixel 8. Kilichoniamulia ni hoja ya masasisho ya programu ya simu: Google waliahidi miaka 7 tangu itoke, yaani hadi Oktoba 2030, wakati S23 iliahidiwa miaka 5 ya masasisho ya usalama. Betri nayo ni 4,575 mAh dhidi ya 3,900.

Yule aliyenishauri nizishike zote mkononi kwanza, Mungu ambariki. S23 ina gramu 168, Pixel 187, na tofauti unaisikia kabisa. Kwa wepesi S23 inashinda, na bado naitamani kidogo.

Kuhamisha picha na namba kwa waya kulikwenda vizuri. Ila ushauri wa kuchukua yenye hifadhi ya GB 256 niliupuuza, nikabeba ya 128, na video za wanangu zimeshajaza zaidi ya nusu. Zote mbili hazina sehemu ya memori kadi, kwa hiyo wewe unayerekodi sana usifanye nilivyofanya mimi. Chaja yangu ya zamani pia ilikuwa inachaji taratibu mno. Nilipopata ya USB-C yenye PD (Power Delivery, mfumo wa kuchaji haraka), tatizo likaisha.